Viroba Ishirini na Nyongeza ya Mama Mkwe

Kilichoniudhi kwanza ni kwamba mchele wetu ulikuwa umetembea kuliko mimi. Mpunga ulivunwa kwenye majaruba yetu, nje kidogo ya Segese, mfanyabiashara akaupakia kwenye lori akaupeleka Kahama kukobolewa, kutoka hapo ukaenda sijui Mwanza, sijui Dar es Salaam, ukavishwa mfuko wenye picha ya dada anayecheka, halafu ukarudi na lori jingine mpaka kwenye jiko la mgodi. Na mgodi wenyewe uko jirani kiasi kwamba wakilipua baruti vikombe vyangu vinagongana kabatini. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alipata kibarua kwenye jiko hilo, na ndiye aliyekuja kutuambia.

"Shemeji, wali wanaokula kule ni huu huu wenu," alisema huku akicheka. "Tofauti ni mfuko tu."

Yeye alicheka, mimi nikashika kichwa. Yaani mchele uzunguke nchi nzima, na mimi niliyeupanda nifike Kahama mara moja kwa miezi miwili, tena nimesimama kwenye basi! Siku hiyo nilipika ugali kwa hasira.

Niseme ukweli, mimi ni mtoto wa Kahama mjini. Nimezaliwa nyuma ya stendi, nimelelewa na honi za mabasi, na mpaka naolewa sikuwahi kushika jembe zaidi ya lile la shuleni. Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia mzigo bandari kavu ya Isaka anaupeleka Rwanda, na nyumbani tunamwona kama mgeni: anakuja na mkate na soda, anakula, analala, anaondoka. Aliponioa alinileta kwa mama yake "kwa muda tu". Muda wenyewe ukafika miaka saba na watoto wawili, na mimi nikiwa bado nalalamikia vumbi.

Mwaka huo akapata vyumba viwili Kahama, karibu na shule nzuri, maji ya bomba mpaka ndani. "Tuhamie," akaniambia. "Huku kuna nini? Dhahabu inatoka huku, lami wanawekewa wengine."

Ajabu ni kwamba nilipoambiwa nirudi mjini kwetu, moyo haukuruka. Nilikuwa nimeshazoea. Na mama mkwe wangu nilikuwa nampenda, jambo ambalo shoga zangu wa mjini wakilisikia wanadhani nimelishwa kitu. Lakini mapenzi hayasomeshi watoto. Kwa hiyo tukakubaliana, mimi na mume wangu, mlango umefungwa: kikundi chetu cha akina mama kikipata kazi ya kuuza mchele mgodini, tunabaki; kikikosa, tunafunga mizigo. Mama mkwe hakuambiwa. Angebaki peke yake na kuku wake na mbwa mmoja asiyejua kubweka, na mimi nilikosa ulimi wa kumwambia hivyo usoni.

Habari ya mgodini ilikuwa imeletwa na afisa maendeleo kutoka halmashauri. Alifika kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kope, akatukusanya kwenye ofisi ya kijiji. Akazungumza kuhusu fursa. Akazungumza kuhusu mnyororo wa thamani. Akazungumza kuhusu uchumi jumuishi mpaka mama mmoja akaanza kuchambua mboga zake pale pale kwenye benchi. Ndipo mama mkwe akanyoosha mkono.

"Baba, wabeja sana kwa maneno," akashukuru kwa Kisukuma. "Sasa sema tufanye nini, tukapike."

Yule kijana akacheka, akafunga daftari lake, na kwa mara ya kwanza akaongea Kiswahili cha watu. Mgodi unatakiwa kununua kwa wenyeji kwanza vile vitu ambavyo wenyeji wanaweza kuleta. Sisi ni wenyeji. Mchele tunao. Tatizo letu ni moja tu: hatujawahi kuomba.

"Yaani miaka yote hii ilikuwa ni kuomba tu?" mama mkwe akauliza.

"Kuomba, mama. Kwa maandishi."

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa na simu yenye barua pepe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa katibu. Mama mkwe akawa mwenyekiti, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye ubavu wa kushindana naye. Tukaandika, tukasubiri, tukasahau, na siku moja jibu likaja. Tulete mchele mara tatu kwa majaribio. Kila mara viroba ishirini, mchele safi usio na mawe, kila kiroba kilo ishirini na tano kamili. Tukikosea mara mbili, basi, kazi inarudi kwa yule wa mjini mwenye mfuko wa dada anayecheka.

Nilisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya wanakikundi, wakapiga vigelegele. Hilo neno "kamili" nililipita mbio. Laiti ningesimama nalo kidogo!

Mama mkwe wangu alilima pamba tangu usichana wake mpaka magoti yalipokataa. Na kitu anachokichukia duniani kuliko nyoka ni mzani. Huko nyuma, anasema, unabeba pamba yako kichwani mpaka kwenye kituo cha kununulia, shingo inajua kabisa umebeba nini, halafu mzani unakuambia mzigo ni nusu yake. "Nimwamini nani," huwa anauliza, "chuma au shingo yangu?" Alichojifunza hapo si kuiba na yeye. Alijifunza kwamba yeye hatampunja mtu mpaka anaingia kaburini. Ukinunua sado ya karanga kwake, anaijaza mpaka inasimama kichwa, kile kichwa kinamwagika, anakiokota anakurudishia, halafu anakuongezea na ya kwenye kanga. Akina mama wa huku wote ndivyo walivyo. Kupima kwa kufuta juu kwa kijiti ni tabia ya wachuuzi wa stendi. Ukimpimia jirani kipimo kilicholala, atakwenda kuuliza watu amekukosea nini.

Mimi mtoto wa stendi hilo nilipaswa kulikumbuka.

Tuliazima mzani wa kuning'iniza kutoka chama cha ushirika. Niliujaribu kwa mfuko wa saruji, ukasema hamsini bila kusitasita. Tukakoboa mpunga kwenye mashine ya kijijini, tukapepeta, tukachagua mawe siku mbili mpaka macho yakawa mekundu. Nikapima viroba mimi mwenyewe, kimoja kimoja, ishirini na tano, ishirini na tano, nikawaacha wenzangu washone midomo, nikaenda kutafuta guta, pikipiki ya matairi matatu, la kubebea. Sikukaa hata saa moja.

Getini tulipokelewa vizuri. Mlinzi mwenye kofia ya chuma alituandika, dada wa stoo akatoka na karatasi zake. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro kwa lafudhi, mpole, amefunga nywele kwa wavu. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, akapata marahaba ndefu, na kiroba cha kwanza kikawekwa juu ya mzani wa umeme.

Ishirini na sita na nusu.

Cha pili, ishirini na saba. Cha tatu kikafika ishirini na nane, na mlinzi akapiga mluzi.

"Hapana," nikasema. "Mzani wenu mbovu."

Dada wa stoo akapanda yeye mwenyewe juu ya mzani, akatuonyesha namba, akasema ndiyo uzito wake, na siku nyingine asilazimishwe kuutangaza mbele ya watu. Hapo nikageuka taratibu kuwaangalia wenzangu. Watano walikuwa wamekuja na guta, na wote watano walikuwa wanaangalia viatu vyao.

"Nani kaongeza?"

Mmoja akajifunga upya kanga yake.

"Jamani, nani kaongeza?"

"Mimi," akasema mama mkwe, kichwa juu. "Viganja viwili tu. Kila kimoja."

"Na mimi," akasema mshonaji. "Kabla ya kushona. Nilijua hajatia."

"Na mimi nilitia kidogo," akasema wa tatu, kwa sauti ya chini kabisa.

Hee! Kila aliyepita na ungo alitia. Kila mmoja alimwona mwenzake bahili, akamsitiri kwa siri. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Dada wa stoo hakucheka, lakini niliona anameza.

"Bibi, mimi nahitaji ishirini na tano," akasema.

"Kwani nimekupunja, mwanangu?"

"Umezidisha."

"Kuzidisha kukawa kosa lini?"

Akaeleza kwa subira. Mgodini mtu mmoja haruhusiwi kunyanyua zaidi ya kilo ishirini na tano. Ni usalama wa kazi. Kiroba kikizidi, mtu akipata maumivu ya mgongo, mwenye kosa ni stoo. Mama mkwe alimtazama yule mlinzi, mwanaume mwenye kifua kama mlango, akamtazama toka kofia mpaka buti.

"Huyu? Kilo moja ndiyo itamvunja?"

Tukarudi nyumbani na viroba vyote ishirini, na juu yake kosa la kwanza limeandikwa. Nilifoka njia nzima. Niliwaambia haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikishajaa mtu mwenye akili anaacha! Mama mkwe akanijibu kwa upole kwamba kutoa ni moyo, na guta zima likaitikia. Ningefanyaje? Nikanuna peke yangu katikati ya watu wenye furaha.

Safari ya pili nililinda viroba kama askari. Nilipima, nikasimama pale pale, vikashonwa mbele ya macho yangu. Sikwenda popote, hata chooni. Getini vikapanda mzani kimoja kimoja, vyote sawa, nikaanza kupumua. Ndipo mama mkwe akafungua mkunjo wa kitenge chake na kutoa vifurushi viwili vya kitambaa, vimefungwa vizuri.

"Na hii," akasema, "ni nyongeza. Hiki cha mlinzi, hiki chako mwanangu. Mkapike nyumbani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mlinzi alirudi nyuma hatua mbili, mikono juu, utadhani kaonyeshwa bunduki. Hawaruhusiwi, akaeleza dada wa stoo, na safari hii hata yeye jasho lilikuwa linamtoka. Mtu anayewauzia hawezi kuwapa kitu, hata kidogo, hata punje. Lazima aandike. Aliandika. Mchele wetu ulipokelewa, na badala ya kosa la pili tulipewa barua ya onyo, na chini yake amepigia mstari: safari ya tatu ndiyo ya mwisho kuamua.

Mama mkwe alibeba vifurushi vyake mapajani njia nzima, hakusema neno. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, na mtu wa kugombana naye amekaa ameumia kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Siku mbili baadaye mume wangu akapiga simu akiwa Isaka, anasubiri kupakia. Simu yangu ilikuwa imekufa spika ya sikioni, naongea kwa sauti ya nje, dunia nzima inasikia. Nilidhani niko peke yangu uani.

"Vyumba bado vipo," akasema. "Lakini mwenye nyumba anasubiri mpaka mwisho wa mwezi tu. Hayo mambo yenu ya mgodi yakifeli, sema mapema nije na lori nibebe vitu."

"Subiri hiyo safari ya tatu," nikamwambia.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amekaa nyuma ya jiko na ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mchele. Vidole vyake vilikuwa vimesimama. Halafu vikaendelea. Hakuuliza kitu, nami kwa woga wangu sikusema kitu. Nilijiambia pengine hakusikia, ingawa najua masikio yake yanasikia kuku akitaga kwa jirani.

Siku ya kupima mchele wa safari ya tatu, wenzangu walifika na mimi nimeshakaza mkanda tayari kwa vita. Sikuhitaji. Mama mkwe alikuwa amekwishakaa chini ya mzani, amefunga kilemba chake cha kanisani, na mkononi ana mwiko.

"Leo," akasema, "atakayetia hata punje, mkono wake nitaupiga kwa huu."

Wakacheka, wakadhani mzaha. Mshonaji akapeleka kiganja. Akapigwa mwiko, pah! Hakuna aliyecheka tena, isipokuwa mimi niliyegeukia ukuta ili nisionekane.

Kila kiroba kikining'inia, yeye ndiye aliyekuwa anasoma. Mshale ukipita, anachota, anatazama, anachota tena, na kile alichokitoa anakimwaga kwenye beseni pembeni. Nilimwona uso wake. Kuchota kurudi nyuma, mwanamke yule! Kila kiganja alichokitoa ilikuwa kama anamnyang'anya mtoto tonge. Kwenye kiroba cha tisa alisimama, mkono umejaa mchele hewani, akafumba macho, kisha akaumwaga kwenye beseni na wenzake. Nilitaka kumwambia, Mayu, kama tunavyomwita mama huku, acha, mimi nitafanya. Sikumwambia. Nilijua asingenipa.

Getini, dada wa stoo alimkagua kitenge kwa macho kwanza. Mama mkwe akajikung'uta mbele yake, kanga na kitenge, kuonyesha hakuna kitu. Kiroba cha kwanza kikapanda. Ishirini na tano. Cha pili. Cha tatu. Kufika cha kumi mlinzi alikuwa ameacha kutania. Kufika cha ishirini hakuna aliyekuwa anapumua, hata dereva wa guta alikuwa ameshuka.

"Ishirini na tano," akasema dada wa stoo. "Vyote." Akaweka sahihi, akampa mama mkwe mkono. "Jumatatu mniletee arobaini. Na kila Jumatatu."

Nilipiga kigelegele ambacho mama yangu mzazi, nyuma ya stendi ya Kahama, nadhani alikisikia. Wenzangu wakadakia. Lakini mama mkwe hakuwa anapiga kelele. Alikuwa bado ameinama juu ya mzani.

"Hebu rudisha hicho cha mwisho," akamwambia mlinzi.

Mlinzi akakirudisha. Ishirini na tano.

"Na nyumbani kilisema ngapi?" akaniuliza mimi, ingawa alikisoma mwenyewe.

"Ishirini na tano, Mayu."

"Kule ishirini na tano. Huku ishirini na tano."

"Ndiyo, Mayu."

Labda alifikiria miaka yote ile ya kubeba pamba kichwani, sijui. Kisha akavua ndala zake, akapanda yeye mwenyewe juu ya mzani, akasimama wima kama anapigwa picha.

"Soma," akamwamuru mlinzi.

Mlinzi akasoma, namba ile ile iliyo kwenye kadi yake ya zahanati. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa.

"Ni mimi," akasema. "Kumbe upo mzani usiokula mtu." Macho yake yalikuwa na maji, na mimi yangu yalikuwa yameshashuka mpaka kidevuni.

Tulirudi tukiimba. Mchana huo alipika yeye, na akanikataza kukanyaga jikoni. Nilipoingia, mkeka ulikuwa umetandikwa, samaki wa kukaanga wapo, watoto wameshanawa. Lile beseni lililokuwa limejaa mchele wa kuchota lilikuwa tupu. Sufuria ndiyo iliyokuwa imejaa.

Alichukua sahani yangu kwanza, kabla ya watoto, kabla ya shemeji. Akapakua.

"Yule mwenye nyumba wa Kahama," akasema bila kunitazama, "mpigieni simu atafute wapangaji wengine. Asikae anasubiri watu bure."

Akaendelea kupakua. Wali ukajaa, ukasimama kichwa, kile kichwa kikaanza kumomonyoka, akakikandamiza kwa mwiko ule ule aliokuwa anapigia watu mikono, akaongeza juu yake.

"Mayu, imetosha. Mayu, inamwagika."

"Yaya!" akakataa kwa Kisukuma, akaongeza tena. "Kula. Hapa hakuna mzani."

Punje zikamwagika mkekani, na kuku wote wa nyumba ile wakaja mbio.